Chungu Hakifunuliwi Mpaka Watimie

Mama mkwe wangu alilea watoto wawili kwa pasi ya mkaa. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Chakula siku hizo kilikuwa cha kubahatisha, basi akaweka sheria: chungu hakifunuliwi mpaka wote watimie, asije mmoja akala fungu la mwenzake. Wanawe wakakua, wakaota mvi, sheria ikabaki palepale.

Sikukuu ile alijidunga sindano yake ya sukari saa tano na nusu, akijua saa sita tunakula, maana sindano ile haitaki tumbo tupu. Wali na kuku vilikuwa tayari. Aliyekosekana ni shemeji. Yeye na mume wangu walinuniana tangu msiba wa baba yao, mwaka wa pili sasa, kwa neno ambalo hata wenyewe hawakulikumbuka sawasawa.

Saa saba ikapita.

"Mama, onja hata kijiko," nikamwambia.

"Mmoja hajaja, mwanangu."

Kufika saa nane jasho lilimtiririka na mikono ilimtetemeka. Nikamkorogea maji ya sukari, akafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikamgeukia mume wangu.

"Mpigie mdogo wako."

"Yeye ndiye wa kunipigia. Mimi ni mkubwa."

"Ukubwa jalala. Mama yako anakufa njaa mbele ya chungu kilichojaa."

Sijawahi kuogopa vile. Mama alikuwa ameanza kuniita dada, akiniuliza kama makaa yameshika moto. Mume wangu alimsikia. Akachukua simu, akapiga.

"Mdogo wangu, njoo. Mama..."

Shemeji aliingia kabla simu haijarudi mezani. Kumbe tangu saa sita alikuwa kwa kinyozi, nyumba ya pili tu, na shati la sikukuu mwilini, akisubiri kuitwa.

Mama alinyoosha mkono afunue chungu, mfuniko ukamponyoka. Mkubwa akashika kikombe cha maji ya sukari, mdogo akamshika mama kichwa.

"Tumetimia, mama," shemeji alisema huku analia. "Kunywa."

Akanywa, taratibu, mpaka mikono ikatulia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikawatukana wote wawili.

Mama alisubiri nimalize. Akawahesabu wanawe kwa kidole, mmoja, wawili, ndipo akaniambia nipakue.