Mwalimu wa Kushika Kijiko

Watu wa Kibeta walimwita Benigna Kokwijuka "mwalimu wa kushika kijiko", na wengi wao hawakusema hivyo kwa kumsifu. Waliona mwanamke mzima, aliyesoma Kampala, anakaa mkekani asubuhi nzima akimshika mtoto kiwiko, akingoja kijiko kifike mdomoni. Wakasema kweli serikali ina kazi za kila namna.

Alizaliwa Maruku, binti wa mkulima wa kahawa na ndizi. Masista walimsomesha, kisha akavuka mpaka kwenda Uganda, akajifunza katika hospitali kubwa kazi ambayo nyumbani haikuwa na jina. Aliporudi, mwaka wa Azimio la Arusha, baba yake alimuuliza amesomea nini hasa.

"Tata, kuna mtoto ambaye mkono wake haumtii, au miguu, au shingo. Mimi natafuta njia ya yeye kula, kuvaa na kuandika kwa mwili huohuo alio nao."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo si muuguzi, na si mwalimu."

"Niko katikati."

"Hapo katikati utakuwa peke yako, mwanangu," mzee akasema.

Walimpangia shule moja ya msingi Kibeta, nje kidogo ya mji wa Bukoba, ambako chumba cha mwisho, kando ya stoo ya kuni, kilitengwa kwa watoto wenye ulemavu. Walikuwamo waliopooza kwa polio, waliozaliwa na mtindio wa ubongo, na wengine ambao walimu waliwashindwa tu. Walilala bwenini. Mara moja kwa juma Benigna alipanda basi kwenda Muleba, akazunguka shuleni na majumbani akiuliza kama kuna mtoto asiyetoka nje. Karibu kila mara alijibiwa hayupo.

Ilikuwa operesheni ya kuhamia vijijini iliyowatoa watoto hao nje. Familia zilizopangiwa vijiji vipya vya ujamaa huko kwenye rweya, zile mbuga za nyasi ambako mgomba hausitawi, zilipakiwa kwenye malori mchana kweupe na kila kilichokuwa ndani ya nyumba. Hakukuwa tena na chumba cha nyuma cha kumficha mtu. Siku moja kijana wa ofisi ya kata alimwona mama mmoja ameshuka na mzigo uliovingirishwa kwenye mkeka. Alidhani ni bibi mgonjwa. Mkeka ulipofunguka, ndani alikuwemo msichana wa kama miaka minane, miguu imekunjamana kama ya panzi, macho yanazunguka kutazama anga.

Msichana aliitwa Immakulata. Mama yake, Ephrasia, alikuwa ameachwa na mume aliyekwenda Uganda kutafuta kazi na hakurudi. Benigna, aliyepelekewa habari na yule kijana wa kata, aliwakuta kwenye kibanda cha nyasi ambacho hakijakandikwa udongo.

"Huyu hali vizuri, waitu," Ephrasia alisema kwa heshima ya Kihaya. "Kila akila anakohoa. Kila masika anaumwa kifua mpaka namwandalia sanda. Wanasema ndio ugonjwa wake."

"Nioneshe unavyomlisha."

Ephrasia akamlaza mtoto chali mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, akamimina uji. Immakulata akameza, akapaliwa, akawa mwekundu machoni.

Benigna hakumkemea. Alichota maji kwenye kikombe akampa Ephrasia. "Lala wewe mwenyewe hivyohivyo, tazama juu, unywe."

Ephrasia alicheka kwa aibu, kisha akalala, akanywa. Maji yakaingia njia ya pumzi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipoacha kukohoa machozi hayakuacha. "Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote mimi mwenyewe."

"Hukujua. Mkalishe wima. Kidevu kishuke kidogo. Ngoja ameze kabla ya kuongeza. Basi, ndio hivyo tu."

Haikuwa hivyo tu, kwa sababu Immakulata hakuweza kukaa. Benigna aliomba hadi wakakubaliwa wote wawili Kibeta, mtoto darasani na mama jikoni kwa wapishi. Yunus, seremala wa mjini Bukoba, akatengeneza kiti cha mbao chenye mikono, kizuizi katikati ya mapaja, kipande cha kuegemeza kichwa na ubao mbele. Mara tatu Benigna alikirudisha kipunguzwe hapa, kiongezwe pale, na Yunus akawa anauliza kama anachonga kiti au kanzu. Alipoketishwa humo, ikawa mara ya kwanza kwa Immakulata kuwatazama watu usoni badala ya kuwatazama kutoka chini. Ndipo walipogundua kuwa msichana yule alikuwa mcheshi. Mpishi akidondosha sufuria, wa kwanza kucheka ni yeye.

Kula mwenyewe kulichukua mwaka na zaidi. Mpini wa kijiko ulizungushiwa mpira wa baiskeli ili unene, mkono wa Benigna ukiwa juu ya mkono wake, kisha kwenye kiwiko, kisha begani, kisha haupo. Siku nyingine alirudi nyuma kabisa, akamwaga kila kitu, akalia kwa hasira. Ilipokuja amri kwamba kila mwanafunzi afanye kazi ya kujitegemea, na Mwalimu Mkuu akauliza hawa wa chumba cha mwisho watalima vipi, Benigna akaomba wapewe kuchambua buni. Immakulata alisukuma punje mbovu kwa kidole kimoja zikaangukia ukingoni mwa ubao. Alikuwa mwepesi wa kuona. Mkono tu ndio ulichelewa.

Mwalimu Mkuu huyo, Mushumbusi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelemewa. Ilipotangazwa kwamba kila mtoto nchini lazima asome, watoto walijaa wakakaa madirishani, na kila asubuhi alikipita chumba cha mwisho akihesabu kwa macho madawati ambayo yangeingia humo.

"Benigna, nakuheshimu," alimwambia siku moja. "Lakini wewe unachukua mwaka kumfundisha mmoja kula. Mimi kwa mwaka huo nafundisha mia kusoma."

"Wale mia watakula wapende wasipende, Mwalimu Mkuu. Huyu asipofundishwa, hali."

Akatikisa kichwa akaondoka. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa mtoto yeyote wa chumba kile. Alisimama mlangoni, akasalimu, akaenda zake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka. Waliokimbia Kyaka walipita Bukoba wamebeba magodoro na kuku, wanasema daraja limevunjwa. Ndege zikaonekana angani. Maduka ya Wahindi wachache waliokuwa wamesalia yakafungwa, na mjini zikabaki mbwa na askari. Ephrasia siku hizo hakuwepo: alikuwa amekwenda kijijini kumuuguza kaka yake.

Amri ya kuondoa watoto ilikuja asubuhi, na adhuhuri likaingia lori la kubebea kahawa. Lori moja, kwa bweni zima pamoja na familia za walimu. Mushumbusi alisimama nyuma ya lori akipakia. Benigna alipofika amembeba Immakulata, Yunus nyuma yake na kiti, Mushumbusi akainua mkono.

"Kiti hakipandi."

"Mwalimu Mkuu, bila kiti hawezi kula."

"Ni safari ya saa chache mpaka Muleba. Kiti hicho ni nafasi ya watoto wawili. Nioneshe wa kuwaacha, niwaache."

Benigna akawatazama watoto waliosimama kwenye tope, wameshikana mikono, wengine hata viatu hawana. Walimlaza Immakulata juu ya magunia, amefunikwa kanga. Baadhi ya watoto wa chumba cha mwisho walikosa nafasi kabisa, akiwemo Mujuni, mvulana mwenye hali kama ya Immakulata, na ilibidi Benigna abaki nao angoje lori lirudi.

"Asipewe chochote mdomoni mpaka nifike," alipaza sauti, injini ikinguruma. "Umenisikia? Chochote!"

"Sawa, sawa," Mushumbusi akajibu, huku anavuta mtoto mwingine juu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeharibu barabara. Lori lilikwama mbele ya daraja dogo, likakwamuliwa, likakwama tena, na walipofika Muleba ilikuwa kesho yake. Liliporudi kumchukua Benigna na waliobaki, safari ikachelewa zaidi. Alipoingia katika ukumbi wa parokia walikolazwa watoto, alimsikia Immakulata kabla hajamwona. Alikuwa anahema haraka haraka, na kila pumzi ilikuwa na mkwaruzo ndani yake kama mchanga unaoburutwa. Ngozi ilichoma mkono.

Mganga wa zahanati alisema ni kichomi, akampiga sindano alizokuwa nazo. Ephrasia alisikia watoto wa Kibeta wameletwa Muleba, akaja kwa miguu kutoka kijijini, akafika na matope mpaka magotini. Aliweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Sauti ile aliijua tangu zamani.

"Nani alimlisha?" aliuliza.

Benigna hakujua jina la kumpa. "Mtu aliyemwonea huruma," alisema, kwa sababu hakuona namna nyingine ambavyo ingeweza kuwa.

Ephrasia akaitika kwa kichwa, na hakuuliza tena maishani mwake. Alimkalisha mtoto wima kifuani pake usiku na mchana, akimshikia kidevu kama alivyofundishwa, ingawa hakukuwa tena na cha kumeza. Immakulata alikufa siku ya pili, asubuhi, wakati ukumbini watoto wengine wanaimba kwa amri ya mwalimu wa zamu. Walimzika pale pale Muleba kwenye makaburi ya parokia.

Baada ya maziko Mushumbusi alimfuata Benigna uani. Alikuwa hajanyoa, na shati lake lilikuwa lile lile la siku ya safari.

"Benigna. Ule uji."

"Uji upi?"

"Nilimlisha mimi. Lori limekwama, mvua inanyesha, yeye analia. Alilia mpaka sauti ikamwisha. Sijawahi kusikia mtoto akilia vile. Nikaomba uji kwa mama mmoja, nikampa kidogo kidogo. Alikuwa ananitazama, anakunywa."

"Amekaa au amelala?"

"Amelala. Pale pale kwenye magunia."

"Alikohoa?"

"Mwanzoni. Halafu akanyamaza. Nikajua ameshiba. Niambie tu. Ni ule uji?"

Benigna angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu, na padri angemuunga mkono. Angeweza kusema ni baridi ya mvua. Lakini ndani ya ukumbi alikuwemo Mujuni, na alikuwa na njaa. Yeye Benigna mchana ule alitakiwa kwenda kutafuta maziwa na blanketi, na mtu mwingine angeshika bakuli.

"Ndiyo," alisema. "Uliingia kwenye mapafu."

Mikono ya Mushumbusi ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa, ikaingia mifukoni, ikatoka.

"Njoo," Benigna akasema.

Akamwongoza ndani, akamkalisha sakafuni ameegemea ukuta, akamweka Mujuni katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto kwenye kifua cha mwalimu. Akamwonesha mkono wa kushoto ukae wapi. Akampa kijiko. Kijiko cha kwanza Mushumbusi alikimwagia kwenye suruali yake mwenyewe. "Ngoja ameze," Benigna alisema. "Tazama koo. Sasa." Alisimama juu yao mpaka bakuli likaisha. Kuanzia siku hiyo, kwa muda wote waliokaa Muleba, Mushumbusi alimlisha Mujuni kila mlo.

Vita vilipoisha walirudi Kibeta. Viti vya watoto, cha Immakulata kikiwemo, vilikuwa vimefanywa kuni. Chumba cha mwisho kikawa darasa la kwanza, na safari hii Mushumbusi ndiye aliyekwenda wilayani mara kwa mara kuomba kirudishwe kwa wale watoto. Aliambiwa nchi imetoka vitani, hakuna fedha za mambo hayo. Baadaye akaomba uhamisho akapelekwa mbali, na habari zake zikapotea. Ephrasia alirudi kwenye rweya, akalima maharage na mihogo.

Benigna alihamishiwa hospitali, kwa askari waliorudi bila mikono au miguu. Basi la Muleba likawa halina mafuta, na juma likapita bila safari, kisha mwezi. Watoto wa chumba cha mwisho walikuwa wamerudishwa kwao, kila mmoja nyuma ya nyumba yake. Alipopata likizo alidandia lori la mkaa kwenda kuwatafuta.

Nyumbani kwa Mujuni, upande wa ndani wa Muleba, baba yake, Karugendo, alisimama mlangoni akajaza mlango wote.

"Mtoto gani? Hapa hatujawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo."

"Ndugu, nilimbeba mimi mwenyewe nikamleta mpaka hapa. Ulimpokea wewe."

"Umekosea nyumba, mama."

Nyuma ya jiko mtu alikohoa. Wote wawili walisikia. Benigna aliketi chini kwenye kibanja, chini ya migomba, akaweka kifurushi chake mapajani. "Basi nitapumzika kidogo," alisema.

Alikaa hapo jua likihama. Wanawake walipita wakamsalimu, wakamtazama Karugendo. Ilipoanza kupoa, mwanaume yule alitoka na kigoda, akakiweka mbele yake bila kumwangalia.

"Wananicheka," alisema. "Walisema atarudi anatembea."

"Hakuna aliyesema hivyo shuleni."

"Mimi ndiye niliyewaambia watu."

Akampeleka nyuma. Mujuni alikuwa amekonda, mgongo una vidonda, lakini alimtambua Benigna, akatoa ile sauti yake ya furaha. Karugendo akageuka kutazama pembeni. Benigna alimwosha mtoto, akamwonesha baba namna ya kumkalisha, akamtazama akifanya mwenyewe mara ya kwanza na ya pili. Alirudi kila alipopata lori. Mujuni aliishi hadi masika ya pili. Waliomzika wanasema Karugendo ndiye aliyembeba mpaka kaburini, hakutaka msaada, na njia nzima alikuwa amemshika wima kifuani.