Maji ya Juu

Nafundisha kemia katika sekondari moja hapa Likasi, na kila nikifika somo la michanganyiko chaki hunivunjikia ubaoni kwa hasira. Wanafunzi hudhani ni uzee.

Mtaani kwetu bomba likikauka tunateka maji ya mtoni, tunayaacha ndooni mpaka tope lishuke, kisha tunachota ya juu. Kila nyumba hufanya hivyo, na hakuna anayefikiri mara mbili.

Dada yangu alikuwa amekoroga chokaa ya machimbo ya Kakontwe kwenye ndoo ili apake ukuta wa jikoni. Usiku chokaa ikashuka, juu yakabaki maji maangavu. Asubuhi, nami nikiwa nimelala kwao, shemeji, dereva wa taksibasi, akaanza kumpiga eti chai imechelewa. Alimpiga ngumi, akamburuta kwa nywele, akambamiza kichwa mlangoni hadi akazimia. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata bega. Alinitupa chini kama gunia la makaa.

Alipoona mkewe hasogei, aliingiwa na hofu. Akachota kopo la maji ya juu katika ndoo ileile ili amzindue.

"Acha! Iko chokaa!" nilipiga kelele.

Alikuwa ameshammwagia usoni. Chokaa nyingi ilikuwa imeshuka chini, lakini nyingine ilikuwa imeyeyuka, na iliyoyeyuka huunguza, tena haishuki hata ungengoja mwaka mzima. Dada alizinduka akipiga ukelele, anajikwaruza macho kwa kucha. Majirani walikuja mbio na ndoo zao, tukamwosha na kumwosha, kisha tukampeleka hospitali. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikufa.

Wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliyetunga msemo huo hakumwona dada yangu akipapasa ukuta kabla la kulia halijapona.

Baadaye wazee wa pande zote mbili walikutana sebuleni kwa baba ili wamrudishe kwa mumewe. Shemeji alikaa, shati limepigwa pasi, kichwa ameinamisha. Niliwachukia wote.

"Rudia bwana yako, maman," alisema baba mkubwa. "Umuangalie muzuri. Haiko tena na hasira."

Dada alimgeuzia shemeji jicho lake moja.

"Na ile mayi ya ndoo, papa," akasema, "ni nani alionaka kitu ndani?"

Niliinuka nikachukua mizigo yake, tukaenda kwangu.