Fundi Viatu Asiye na Miguu

"Shangazi, yule fundi viatu anaiua sanaa yangu," alisema binti wa kaka yangu, akaitupa kamera juu ya kitambaa cha suti nilichokuwa nimeshakichora kwa chaki.

Nikamwambia sanaa yake ilikuwa mgonjwa siku nyingi, fundi viatu anasingiziwa tu, na aliondoe hilo dude lake kwenye kitambaa cha mteja. Hakuliondoa. Alikuwa amevimba kama chura aliyekanyagwa mguu. Akaendelea kulalamika kwamba maonyesho ya chuo ni Ijumaa, kwamba asipotundika picha zake ukutani hamalizi masomo, na kwamba picha yake kubwa kuliko zote, ile ya mikono ya fundi viatu, haiwezi kutundikwa mpaka mwenye mikono akubali. Ndiyo sheria ya chuo: aliyepigwa picha aulizwe kwanza. Na mwenye mikono, pale kibandani kwake mbele ya geti langu, alikuwa amekataa.

"Umemkosea nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Mtaa mzima ulijua.

"Anataka picha ya kijinga."

Kaka yangu ni dereva wa lori, hakai nyumbani, kwa hiyo mtoto alipopata nafasi ya kusomea upigaji picha aliletwa kwangu kama furushi, na maelezo kwamba ana kipaji. Nilimpa chumba cha nyuma, kile nilichokuwa naweka vitambaa. Ndani ya muda mfupi tukawa tunamwita Msanii. Yeye alidhani tunamsifu.

Muhula wa kwanza walifundishwa yai. Sitanii. Yai moja jeupe juu ya karatasi nyeupe, wapige picha mpaka waone kivuli kinaanzia wapi. Alichukua yai jikoni kwangu, akaliweka dirishani, akatukataza kupita, kupika, na nadhani hata kupumua. Nilipotundika pazia jipya dirisha lile, akalia kwamba nimemharibia mwanga. Nikamwambia mwanga ni wa Mungu, lakini dirisha ni langu. Yai lilikaa pale mpaka likaoza, na siku lilipopasuka hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kivuli kinaanzia wapi.

Kisha akaja na neno la mwalimu wake. Mwalimu huyo nimemwona: kijana mwembamba, ndevu zimeota kwa kubahatisha, skafu shingoni na jua liko utosini. Alikuwa amewaambia kwamba picha nzuri huacha kitu nje. Mwenye akili angelisikia neno hilo akalipima. Wetu alilimeza zima kama dawa ya minyoo, na tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyetoka mzima kwenye kamera yake. Mume wangu alikatwa kichwa. Mimi nilipigwa picha nikiwa kwenye cherehani, nikangoja kwa hamu, nikaletewa kiwiko. Kiwiko kimoja na kipande cha uzi. Nikauliza mimi niko wapi. Akasema nipo pale pale, ila sionekani.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, kwa kutojua au kwa kupenda vya bure, akamwomba apige picha za harusi ya bintiye. Baadaye mama wa bibi harusi aliingia kwangu na bahasha, akazimwaga picha mezani kama anayemwaga makapi. Viti vitupu. Kamba ya kiatu. Sikio la bwana harusi. Bibi harusi mwenyewe alionekana mara moja tu, nyuma ya chupa, amefifia kama marehemu. Mama yule akaniuliza kwa upole, upole ule wa kutisha, kama harusi ilikuwa ya binti yake au ya viti. Msanii, aliyekuwa amejificha chumbani, akatoka kumweleza habari za hisia. Nilimvuta kwa nguo kabla hajazabwa kofi.

Sasa fundi viatu naye msimhurumie haraka. Ni mtu wa maneno mengi na kazi kidogo. Kibanda chake kimejaa viatu vya watu waliokata tamaa. Ukimuuliza atakwambia kesho, na kesho yake haina asubuhi. Sandali yangu ya ngozi, ya mguu wa kushoto, alikuwa nayo tangu kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha, mimi nikawa nakwenda kwenye shughuli za watu na kandambili kama niliyekimbia moto.

Lakini ana viatu vyake vyeusi alivyojishonea mwenyewe, kuanzia soli mpaka matundu ya kamba. Anavihifadhi ndani ya kitambaa, anavitoa siku za heshima, na akivivaa hutembea kwa hatua fupi fupi ili watu wapate nafasi ya kuvitazama.

Msanii alipokuwa anatafuta mikono ya kupiga picha kwa kazi yake ya mwisho, akaiona ile: imeingia weusi wa rangi ya viatu, gundi imekaukia kwenye kucha, kidole gumba kina kovu la msumari. Wakapatana. Fundi atakaa apigwe picha kadiri anavyotakiwa, kisha naye atapigiwa moja ya kwake: amesimama, koti mwilini, kutoka utosini mpaka kwenye viatu vyeusi. Ataitundika kibandani, wapita njia wajue mwenye kibanda ni mtu. Msanii akaitikia upesi, kama watu wanavyoitikia wakiwa wanataka kitu. Akashinda pale juma zima, akapata mikono yake, akapotea. Akitoka nyumbani akawa anazungukia mlango wa nyuma.

Ahadi ni deni, lakini kwake hili lilikuwa deni la aibu. Yeye, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ampige mtu picha kasimama wima kama mlingoti, viatu vinang'aa, macho mbele? Wenzake wangemcheka.

Alipobanwa na ile sheria ya chuo, akajaribu ujanja. Akampelekea fundi picha aliyompiga haraka haraka. Koti lipo, tai ipo, uso upo. Imekatika magotini. Nami nilikuwepo, nimekwenda kuulizia sandali na kuambiwa kesho. Fundi aliishika picha kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, labda miguu imeangukia huko.

"Miguu iko wapi, binti?"

"Picha nzuri huacha kitu nje, mzee."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. "Umempiga picha fundi viatu, ukaviacha viatu. Ni kama nikushonee kiatu, nisahau mahali pa kuingiza mguu." Akamrudishia picha yake. "Haya. Na mimi ruhusa nimeiacha nje. Kaitafute."

Ndipo Msanii akaja kuitupa kamera kwenye kitambaa changu. Alitaka niende kumsihi mzee, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na maneno ninayo. Maneno ninayo kweli, nikampa yeye.

"Mtu amekupa mikono yake, wewe unamnyima miguu yake mwenyewe," nikamwambia. "Toka hapa ukamlipe."

Akasema hiyo si sanaa. Nikamwambia Ijumaa ikipita hajatundika picha, nitampigia simu baba yake mimi mwenyewe, na baba yake akishuka kwenye lori hataacha kitu nje. Akaichukua kamera.

Kesho yake mchana akampanga fundi mbele ya kibanda. Mzee alikuwa amevaa koti, tai, kofia, na vile viatu, vinameta kama mgongo wa mende. Kumbe ile picha ya kijinga ina kazi. Jua lilikuwa juu, macho ya fundi yamezama kwenye kivuli cha kofia kama visima viwili. Msanii akisogea nyuma apate miguu, anaingiza pipa la taka. Akisogea mbele, anakata kofia. Msanii alizunguka, akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye vumbi na suruali niliyomshonea mimi. Mwishowe akaomba kitambaa cheupe, akaniamuru nikishike chini karibu na magoti ya mzee. Mwanga ukaruka kutoka kwenye kitambaa ukapanda usoni, macho yakafunguka. Hapo lazima niseme, lile yai halikuoza bure.

Ikabaki mikono. Mikono ile ile maarufu ilining'inia kama nguo zilizoanikwa. Msanii akamwambia ashike kiatu, kiatu kizuri. Fundi akaingia kibandani kutafuta kiatu kilichokwisha, na hapo siri yake ikawa peupe, kwa sababu hakikuwepo hata kimoja. Kila alichokiinua kilikuwa kimeachama mdomo.

"Shika chochote, mzee, jua linahama," Msanii akalia.

"Nishike kiatu kinachopiga miayo, nikitundike hapa watu wanione?"

Akaketi na koti lake na tai yake, akavuta sandali yangu, akaanza kuishona. Mwanafunzi wa sanaa anasaga meno, mimi nimesimama na kitambaa cha mteja mkononi, na mzee anavuta uzi bila haraka kana kwamba jua nalo atalitengeneza kesho. Alipomaliza akaipaka rangi, akasimama, akaiinua kifuani kama kombe. Akapigwa picha.

Siku iliyofuata aliletewa picha yake. Hakutazama uso. Alitazama chini, akaitazama miguu yote miwili, akaitundika juu ya mlango wa kibanda, na sandali yangu akaining'iniza pembeni, ili asiyeamini alinganishe. Kisha akampigia mwalimu simu, akasema mikono wanaweza kuitundika.

Ijumaa nikaenda chuoni na kandambili. Watu walisimama mbele ya ile mikono na bilauri za plastiki, vichwa vimeinama upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Mwalimu wa skafu alisema picha inaongea. Nilitega sikio, sikusikia kitu. Msanii alifaulu, akakumbatiwa na watu wenye nywele kama zake, na alipoulizwa kuhusu fundi, akasema walikuwa wameelewana kiroho.

Niliporudi, fundi akaniita. Aliuliza kama kuna aliyetaka kujua habari za viatu. Nikamwambia hakuna, wametazama mikono tu.

"Wasomi," akasema.

Akaitungua sandali, akaifuta kwa mkono wa shati, akaiweka chini mbele ya mguu wangu. Nikavua kandambili ya kushoto, nikavaa, nikavuka geti langu na sandali mguu mmoja, kandambili mguu mwingine. Asante sikutoa. Sandali ilikuwa yangu.