Nilifunga Freni kwa Vidole, Shemeji Akavunjwa Mkono

Ndugu zangu, nimekosa. Sitafuti wa kunitetea. Aliyeshika chuma ni mtu mwingine, ila mkono wa shemeji yangu niliuvunja mimi, kwa mdomo wangu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Bujumbura, nina garaji yangu. Nilikuwa nafanya kazi na Zuberi, kaka wa mke wangu. Garaji yangu, lakini mikono yake! Wateja wote walijua hivyo, na mimi nilijua. Ilikuwa inanila ndani.

Mteja wetu mmoja, kijana wa Gihosha anaitwa Dezire, ana supermoto. Ile pikipiki ndefu ya mbio, matairi laini ya lami, silinda moja tu lakini ikiguruma mtaa mzima unageuka. Haitaki uzembe hata kidogo. Oili kila mara, valvu kila mara, na kila bolti ikazwe kwa kipimo chake, maana inatikisika kama mgonjwa wa malaria.

Asubuhi moja Dezire aliileta kwa sevisi kubwa. Watu walikuwa wengi garajini. Akasema kwa sauti, anacheka:

"Injini asiguse mutu mwingine, ni Zuberi tu. We patron, fanya freni."

Watu wakacheka. Mimi, mwenye garaji! Damu ikanipanda hadi masikioni.

Dezire akakaa kwenye kreti na fanta yake, anatuangalia. Zuberi akafungua injini, akaanza kupima valvu, taratibu, huku anaimba kidogo kidogo. Mimi niko gurudumu la mbele, nabadilisha plaketi, zile pedi za freni. Ule wimbo wake ukanichoma. Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Sawa, shemeji," akatabasamu.

Lile tabasamu! Nikamrushia spana. Ikampiga begani, ikaanguka kwenye sahani ya oili. Aliiokota, akaifuta, akaiweka mezani. Mimi nikarudi kwenye freni na hasira yangu. Kile chuma kinachobana diski ya freni kinashikwa na bolti mbili. Nilizifunga kwa vidole, nikisema nitarudi na spana nizikaze. Sikurudi.

Kazi ilipoisha, Zuberi aliniuliza: "Shemeji, freni umekaza?"

"Unanifundisha kazi? Mi ndio nilikutoa barabarani!"

Akarudi kukusanya spana zake. Dezire akavaa kofia yake, akapiga kiki, akaondoka.

Mchana, kama saa nane, pikapu ikasimama mbele ya garaji kwa kishindo. Nyuma kuna ile supermoto, imekunjika uma wa mbele, freni inaning'inia kwa mpira wake. Bolti hakuna hata moja. Dezire alikuwa anashuka mlima wa Gihosha, freni ikachomoka, ikajibana kwenye spoku, gurudumu likasimama ghafla, akaruka juu ya usukani. Mguu umevunjika, taya limevunjika. Hospitalini hawezi kusema hata neno.

Wakashuka kaka zake wawili. Mkubwa ameshika nondo. Shati lake lina damu, damu ya mdogo wake.

"Nani alifunga freni?"

Niliangalia ile nondo. Wallahi, ndugu zangu, niliangalia nondo tu, sikuona kitu kingine duniani. Mkono wangu ukanyooka wenyewe.

"Ni huyu."

Zuberi akasimama na kitambaa mkononi. "Apana! Mi nilikuwa kwa injini! Shemeji, waambie!"

Na hapa ndipo naona aibu hata kuandika. Nikaona wanasita. Nikaogopa wasije wakamwamini. Nikamwendea Zuberi, nikamzaba kofi la nguvu, nikapiga kelele: "Nilikuambia mara ngapi ukaze!"

Lile kofi ndilo liliwapa ruhusa. Nondo ya kwanza Zuberi akaikinga kwa mkono wa kulia. Nilisikia mifupa. Ya pili ikatua palepale. Ya tatu akiwa chini. Yule kaka wa pili anampiga mateke ya mbavu. Zuberi alikuwa analia, "Shemeji! Shemeji!" Mimi niligeuza uso nikatazama ukuta. Ni mafundi wa jirani waliokuja mbio wakawatenganisha. Mimi? Sikuinua hata kidole.

Vidole vitatu vya mkono ule havikunji tena. Mkono uliokuwa unasikia valvu kama daktari anavyosikia moyo!

Nyumbani mke wangu akaniuliza. "Zuberi anasema nikuulize we. Nani alifunga freni?" Nikaapa. Nikasema wallahi ni Zuberi. Akaniamini, akaenda kumuuguza kaka yake kwake, mtaa wa Nyakabiga, anamlaumu huku anamlisha.

Wiki zikapita. Taya la Dezire likapona. Siku aliyoweza kusema, akaambiwa jinsi kaka zake walivyomlipizia kisasi kwa Zuberi. Alikuja Nyakabiga na magongo, kaka zake nyuma. Akasema mbele ya mke wangu: "Huyu hakugusa freni. Mi nilikuwa pale kwa kreti. Hata alimuuliza patron kama amekaza, akatukanwa." Yule mwenye nondo alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kujipiga kichwa ukutani mpaka wakamshika.

Mke wangu alitembea kwa mguu hadi garajini. Nilikuwa nimeinama kwenye pikipiki ya mtu. Hakunisalimia. Alichukua spana kubwa mezani, nilipoinua uso akanipiga mdomoni. Meno mawili yalianguka pale pale.

"Hiyo ni ya wallahi yako," akasema. Akaenda. Watoto amewachukua. Hajarudi.

Nilimfuata Zuberi kuomba msamaha. Nilipiga magoti mlangoni, nikalia mbele ya majirani. Alifungua mlango.

"Yule kijana wa nondo nimemsamehe," akasema. "Ndugu yake alikuwa anakufa, na we ulimudanganya. Sasa niambie. Kofi yako ilikuwa ya nini?"

Akafunga mlango kwa mkono wa kushoto.

Mafundi wenzangu, msishike freni ya mtu mkiwa na hasira. Ondoka, oga maji, rudi kesho. Na ukiwa umekosa, ukaulizwa, sema ni mimi, hata kama nondo iko juu ya kichwa chako. Pigwa wewe! Mifupa yangu mimi yote ni mizima. Kila asubuhi nafungua garaji peke yangu, nakunja vidole vyangu kumi, vinakunjika vizuri, na ninaona haya.