Kuamkia Kando ya Barabara

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo huko Msambweni, na adabu yake ilipita kiasi. Kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda kusomesha Kurani kijiji cha pili, na kila alipokutana na aliyemzidi umri alishuka papo hapo, katikati ya barabara, akaamkia, akauliza hali, wajukuu, mbuzi na goti linalouma. Kumwamkia mkubwa ukiwa juu ya baiskeli, kwake yeye, kulikuwa sawa na kumpigia mluzi.

Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, ya vumbi, na miaka ile ya hamsini malori ya miwa yalizidi kuongezeka. Siku moja lori lilimkunjia gurudumu la nyuma, naye amesimama akingoja kuitikiwa. Alirudi na baiskeli begani, anacheka. Mama hakucheka.

"Mwalimu, utakufa na shikamoo mdomoni."

"Sasa nimpite mkubwa wangu kama nimepita mnazi?"

Kubishana na baba kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na mama alilijua hilo. Gurudumu lilipokwisha kunyooshwa, alichukua panga akafyeka majani kando ya barabara, karibu na kona. Kisha akaenda kwa bibi kizee jirani yetu, ambaye baba alikutana naye kila asubuhi, wakanong'onezana.

Kesho yake baba alinipakia kwenye keria. Tulimkuta bibi amesimama pale palipofyekwa. Baba akashuka barabarani, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

Bibi akatazama minazi.

"Shikamoo, mama!"

Bibi hakugeuka. Kwetu, kunyimwa marahaba si jambo dogo. Baba alitoka jasho, akidhani amemkosea mzee wa watu. Akaisukuma baiskeli hadi majanini alipo bibi, akainama.

"Marahaba, mwanangu! Hapa ndipo ninapokusikia."

Goti halijaulizwa bado, lori likapita nyuma yetu kwa kishindo. Tuliambulia vumbi tu.

Mchana baba alikwenda jikoni kushtaki. "Bibi kaninyima marahaba mpaka nikaingia majanini!"

"Na lori halikuja?" mama akauliza.

"Lilikuja, likapita."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Si nimekwambia, majanini!"

Mama akaweka mwiko chini, akajifunika uso kwa leso, akalia machozi yote aliyoyazuia tangu siku ya lile gurudumu.