Shika Bara

Maji yakipwa, tope la mlango wa mto Sabaki hunuka chumvi na majani yaliyooza. Wengine huziba pua. Mimi harufu hiyo hunirudisha nyuma ya geti la bati, likizo nzima ya Desemba, kufuli likining'inia nje na mimi ndani nikichungulia kwenye tundu la msumari. Tulikuwa tumehama kutoka Machakos mama alipopata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja Malindi, na Kiswahili changu kilikuwa cha kukatakata, mradi nieleweke.

Rafiki yangu wa kwanza pwani aliitwa Kadzo, msichana wa Kigiriama tuliyekaa naye dawati moja, mwingi wa maneno na vicheko. Shule zilipofungwa alinialika kwao tukale mabuyu. "Ukifika pale mkwajuni shika bara, usibabaike," aliniambia. Basi! Kwa watu wa huko, kushika bara ni kuipa bahari mgongo. Mimi nikadhani amefupisha barabara, maana mimi mwenyewe nilifupisha kila kitu. Na barabara ilikuwepo, pana, iliyochimbwa na malori ya mchanga. Nikaishika ikaniteremsha mtoni, nikavuka maji ya kifundoni, nikaishia kwenye fungu la mchanga lisilo na nyumba wala mtu. Nilipogeuka nirudi, bahari ilikuwa imeanza kujaa na yale maji ya kifundoni yalikuwa ya kiunoni. Upande wa pili viboko walikoroma. Nililia hadi sauti ikakauka. Wapakiaji wa mchanga ndio walioniona, mmoja akanibeba mabegani. "Nani kakupoteza, mwanangu?" aliuliza. Nikamwambia Kadzo alisema nishike bara, wakacheka wote mpaka nami nikacheka.

Mama hakucheka. "Huyo msichana amekupotosha!" alisema, na kesho yake kufuli likanunuliwa. Sasa nayajua maneno hayo mawili. Ukimwelekeza mtu vibaya, hata bila kukusudia, umempoteza. Miguu yake ndiyo iliyokosea na miguu hurudi. Kupotosha kuna nia ndani yake, ni kumpinda mtu aliyenyooka. Mama alilitoa neno hilo kanisani, ambako wapotoshaji walikemewa kila Jumapili sambamba na shetani, akalimwaga kisimani kwa majirani. Lisemwalo lipo, wakasema majirani. Kadzo akipita, watu wakawaita watoto wao ndani.

Siku moja bibi yake alikuja naye, akapiga hodi. Mama alitoka akasimama getini, na ingawa alikuwa mdogo kwake, hakumpa hata shikamoo.

"Mwanangu," bibi alisema, "sema mjukuu wangu kampoteza mwanao, nami nitakuomba radhi papa hapa. Lakini usiseme kampotosha. Neno hilo litamfuata mpaka kwa mumewe."

"Kupoteza, kupotosha, si mamoja? Mtoto wangu nusura afe!"

"Mama, alisema bara!" nilipiga kelele kutoka ndani. "Ni mimi niliyesikia barabara!"

"Nyamaza wewe!"

Kufuli likafungwa tena. Chini ya geti vikapenya vidole vyekundu kwa rangi ya mabuyu, vikisukuma kifuko. Niliyala peke yangu, yakawa machungu, wallahi, na sukari yote ile. Kabla shule hazijafunguliwa tukahamia Kikambala.

Siku hizi simu ndiyo inayonielekeza, na ikinipoteza hakuna anayeifungia geti. Mwaka huu, sokoni Malindi, mama mmoja muuza leso alinishika mkono. "Wewe! Umepotea!" Alikuwa Kadzo, kicheko kilekile. Tulikumbatiana, nikamwambia lazima nije kwake nisalimie, anielekeze tu.

"Si mbali, ni kulekule kwetu," alisema. "Ukifika mkwajuni..." Akawatazama wauzaji wenzake, kisha akaanza kukunja leso ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Ningoje hapa hapa," akasema, "nikifunga nitakupeleka mwenyewe. Mimi simwelekezi mtu njia."