Nilimshikia afande sare kwenye ufukwe wa watu walio uchi, kisha akaja kumpima dada yangu gauni

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa wangu shikamooni. Vijana marahaba, hata kama hamkuniamkia.

Nimeandika huu uzi nikiwa na hasira tangu Jumamosi, kwa hiyo mnivumilie. Ila uongo simo. Haya niliyaona kwa macho yangu na nikayalipia kwa mdomo wangu, mtaona kwa nini.

Mimi ni Mnubi, mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi, nami nikaingia polisi Kampala miaka ya sabini, enzi za wanajeshi. Nilikuwa napuliza tarumbeta kwenye bendi, tukikaa kambi ya Naguru. Sikuwa na kipaji kingine duniani, hata baiskeli ilinishinda, lakini tarumbeta niliijua.

Mkuu wetu tulimwita Afande Mkwaju kwa sababu ya fimbo yake ya kuongozea bendi. Haikumtoka mkononi. Nadhani hata msalani alikwenda nayo.

Basi bendi ikaalikwa Yugoslavia, kupiga muziki kwenye sherehe za mji mmoja wa pwani.

Kabla hatujapanda ndege afande akatoa amri: huko ugenini ni marufuku kuvua sare nje ya chumba chako. Mmebeba heshima ya taifa.

Siku ya mapumziko tukatoka kutembea, full uniform. Koti la sufu, kofia, buti zinang'aa, na jua la kiangazi linatuchoma. Tukafuata njia ya ufukweni, tukapita kibao ambacho hakuna aliyeweza kukisoma.

Wakuu, nyuma ya kile kibao watu wote walikuwa uchi.

Wazee, kina mama, familia nzima. Wanakula matikiti, wanacheza karata, wanasoma magazeti. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa sisi.

Tukasimama pale tunakodoa macho. Mara akaja mama wa makamo, mlinzi wa ufukwe. Alikuwa na kofia kichwani na filimbi shingoni, basi, hakuna kingine. Akatupulizia filimbi sisi! Sisi polisi!

Mkalimani wetu, bwana mmoja mpole sana aliyekuwa amebaki nyuma, akatufikia mbio na kutueleza sheria za pale. Kamera hairuhusiwi. Ukikaa, kalia taulo lako. Ukiongea na mtu, mtazame usoni, macho yasishuke. Na aliyevaa nguo haruhusiwi kusimama kuwatazama waliovua: ama na yeye avue, ama arudi nyuma ya kibao. Halazimishwi mtu.

Yaani pale wahuni tulikuwa sisi, na vifungo vyetu vya shaba.

Mkwaju akafura. "Ambia huyu mama mimi iko afisa ya selikali!"

Mama akamjibu, kwa mdomo wa mkalimani, kwamba hapo vyeo havionekani. Achague.

Nilijua atatugeuza turudi. Badala yake aliitazama bahari, akawatazama wale watu, akafungua kifungo cha kwanza. Kisha vyote. Akanikabidhi suruali, koti, kofia, buti na ile fimbo.

"Shika muzuri. Hii ikigusa mchanga, nafunga wewe."

Wenzangu kila mmoja akachagua lake, ila mimi dini yangu hainiruhusu mambo hayo. Nikarudi nyuma ya kibao na sare ya mkubwa mikononi, nikasimama mchana kutwa kama msumari wa kutundikia nguo.

By the way, yule mama aliniletea maji. Alipofika kwenye kibao akajifunga taulo kwanza, ndipo akavuka kuja kwangu. Hakuna aliyemwamuru. Upande wangu alifuata heshima ya upande wangu. Nilikunywa yale maji nikiwa nimemtazama usoni, na sijamsahau mpaka leo.

Afande aliogelea, akacheka, akacheza karata na wazee juu ya taulo la kuazima. Sijapata kumwona na furaha vile. Na simlaumu kwa hilo, nataka muelewe vizuri. Siku ile hakumwonea mtu, wala hakuna aliyemwonea.

Tukarudi Kampala.

Haukupita muda, ikasomwa amri redioni: mwanamke haruhusiwi kuvaa gauni linaloishia juu ya magoti. Enzi zile nchi iliendeshwa kwa redio. Unaamka asubuhi unakuta nguo uliyoshona kwa halali imekuwa kosa.

Kila mwenye kofia akajipa kazi ya kukagua miguu ya wanawake. Waliokamatwa walipakiwa kwenye lori, na mambo waliyofanyiwa huko walikopelekwa siyaandiki hapa. Wenye umri wangu mnayajua.

Dada yangu mdogo, Zahara, alikuwa anasomea uuguzi. Njia hazikuwa salama, kwa hiyo nilikuwa namsindikiza akitoka zamu hospitalini. Siku hiyo tulipofika Bwaise tukakuta lori limeegeshwa kando ya barabara ya Bombo, wanawake wamepangwa mstari.

Na nani anapima? Mkwaju.

Alikuwa ameichonga alama ile fimbo ya bendi. Anaisimamisha chini kando ya mguu wa mwanamke. Gauni lisipofika kwenye alama, lorini. Fimbo ileile niliyoishika nyuma ya kibao isiguse mchanga!

Zahara alikuwa na gauni jeupe la uuguzi, alilopewa na chuo. Halikufika kwenye alama. Mkwaju akainama, akasogeza uso karibu na magoti yake, akachukua muda wake. Askari wanacheka.

"Peleka kwa lori."

Nikapiga saluti. Nikasema, afande, huyu ni dada yangu, na hiyo ni sare ya kazi.

"Sitaki kujua. Lori."

Zahara alishashikwa mkono. Sikuwa na bunduki, sikuwa na cheo, sikuwa na mjomba ikulu. Nilikuwa na kitu kimoja tu, nikakisema kwa sauti ili wote wasikie:

"Afande, kule ufukweni sare yako nilishika mimi."

Askari mmoja juu ya lori akauliza, "Sare gani? Ufuko gani?"

Ile fimbo ilinipata mdomoni. Nilianguka chini, damu inachuruzika, nikamsikia akifoka juu yangu: "Toa dada yako hapa! Potea!" Aliogopa nitaendelea kusema. Zahara akaniinua, tukapotea.

Meno mawili ya mbele yalibaki Bwaise. Wapulizaji watanielewa: bila meno ya mbele tarumbeta haitoki. Nikapewa kazi ya kubeba masanduku ya bendi mpaka nilipoacha. Lakini dada yangu alilala nyumbani.

Sasa Jumamosi. Harusi ya mjukuu wa jirani, Makindye. Nani anapewa maiki kumuusia bibi harusi? Mkwaju! Kazeeka, ana mkongojo, ana heshima zake. Anasema wasichana wa leo wanatembea uchi. Anasema zamani sisi tuliwafundisha wanawake kuvaa.

Tuliwafundisha!

Nilitaka kusimama, nikatanguliwa. Zahara alikuwa kando yangu amevaa gurbaba, vazi letu la Kinubi linalofunika mpaka kifundo. Ni bibi sasa. Akainuka, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yake na kulivuta lile vazi mpaka juu ya magoti.

"Afande, mimi ni ile dada ya Bwaise. Fimbo iko na wewe. Pima."

Yule mzee akainamisha macho chini. Zahara akamwambia:

"Hapana huko. Tazama mimi kwa uso."

Hakuweza. Maiki ikachukuliwa mkononi mwake.

Nilichojifunza, wakuu: wale watu wa ufukweni walikuwa uchi na hakuna aliyeguswa. Sisi tulikuwa na amri, magwanda na malori, na hakuna mwanamke aliyekuwa salama. Akija mtu kukwambia shida ni gauni, muulize yeye siku za malori alikuwa wapi.

Waliokuwepo Kampala miaka ile, semeni nanyi, msiogope. Na wewe kijana uliyeanza kuandika "mzee achana na ya zamani", sawa. Nenda Bwaise ukaniletee meno yangu, nitaachana nayo.